Vidonge vya Mama Mkwe

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, mama mkwe wangu alimeza vidonge vinne vya kwanza. Najua saa kwa sababu niliiandika. Nilikuwa na saa ya mkono niliyoinunua Tarime kwa bei ya ndama, na katika nyumba zote zilizotuzunguka hapakuwa na nyingine. Mtu mwenye saa peke yake kijijini huanza kuamini kwamba anajua na mambo mengine pia. Mimi niliamini hivyo kwa siku nne.

Kijiji chenyewe sikitaji. Zahanati ilikuwa moja na mtumishi wake mmoja, naye amekwisha kufa, hawezi kujitetea. Inatosha kusema kwamba palikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Nyambureti, alikokuwa akiishi mama mkwe, na kwamba ilikuwa kiangazi, katika ile miaka ya hamsini ambapo vidonge vya salfa vilianza kufika huku kwetu kwa wingi na kila mtu akavizungumzia kama vile amevitengeneza yeye.

Ugonjwa ulikuwa kichomi, yaani homa ya mapafu. Wanawe wawili walimleta juu ya kitanda cha ngozi, amefunikwa blanketi hadi kichwani, akipumua kama mvukuto wa mhunzi. Walimleta kwangu kwa sababu moja tu: kutoka kwangu hadi zahanati palikuwa na mwendo wa dakika ishirini, na kwao hapakuwa na zahanati kabisa.

Msomaji wa mahali pengine anapaswa kuelewa uzito wa jambo hili. Kwetu, mama mkwe na mkwe wake wa kiume huheshimiana kwa mbali. Hawapeani mkono. Hawali pamoja. Mkwe haingii nyumba aliyolala mama mkwe, na mambo ya mwili hayatajwi kati yao, hata kwa kupitia mtu wa tatu. Heshima hiyo, ambayo ndani yake mna aibu nyingi, kwa lugha ya kwetu huitwa ensoni. Mama mkwe kulala katika boma la mkwe wake ni jambo lisilofanyika ila kifo kikiwa karibu. Kifo kilikuwa karibu, kwa hiyo likafanyika. Tulimweka katika nyumba ya marehemu mama yangu, upande wa pili wa zizi, na mlango wake ulitazamana na baraza yangu.

Na barazani ndipo palipokuwa na cherehani yangu.

Nilikuwa fundi wa kushona. Shule nilifika darasa la nne, na yaliyobaki nilijisomea mwenyewe kwa kamusi moja isiyo na jalada na kila karatasi iliyopita mikononi mwangu. Sikukodi nafasi kwenye baraza ya duka kama mafundi wengine, kwa sababu niliona upuuzi kulipa kodi ya kivuli. Nilikaa nyumbani, cherehani mbele yangu, saa mkononi, daftari pembeni, na boma langu lote machoni. Nilijua kuku gani katagia wapi. Wakati huo nilidhani hiyo ni sifa.

Zahanati nilikwenda mwenyewe. Aliyetuhudumia tulimwita dresa. Alikuwa amefundishwa kufunga vidonda na kugawa dawa, na koti jeupe lilimfanya asahau kwamba hakufundishwa zaidi ya hapo. Alikuwa na kalamu tatu mfukoni, mbili hazina wino. Alinisikiliza huku akitazama nje, akahesabu vidonge kwa kisu, akachana karatasi iliyokuwa ndani ya boksi la dawa, akavifungia humo kama mtu afungaye karanga.

"Vinne sasa hivi," alisema. "Halafu viwili kila baada ya saa nne, mchana na usiku. Anywe na maji."

"Maji kiasi gani, bwana dresa?"

"Maji ni maji, fundi. Unataka nikupimie kwa futi kamba yako?"

Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Mzee mmoja alicheka hadi akakohoa, na kikohozi ndicho alichokuwa amekuja kutibiwa. Mimi nikaandika kwenye daftari: anywe na maji. Sikuuliza tena. Nimejidharau mara nyingi maishani kwa makosa madogo kuliko hilo. Swali nililouliza lilikuwa sahihi, jibu lilikuwa bado halijatoka, na mimi nikaondoka kwa sababu watu kumi na wawili wenye vidonda na vikohozi wamecheka.

Nilipofika nyumbani nilifanya kazi hiyo kama nilivyofanya kazi zote. Nilichora ratiba: saa nne, saa nane, saa kumi na mbili; mchana mara tatu, usiku mara tatu, kila mara na zile dakika ishirini zake. Nilitundika ulimi wa plau iliyovunjika kwenye nguzo ya baraza, na saa ilipofika niliugonga kwa nyundo, mke wangu akasikia, akampa mama yake vidonge viwili na kikombe cha maji. Hata usiku niliamka nikagonga. Majirani walilalamika kwamba mbwa wao hawalali. Niliwaona wajinga. Hawa ndio watu ambao wakipewa vidonge vya siku saba humeza vyote siku ya kwanza ili wapone mapema, au humeza viwili na kumpa ng'ombe vilivyobaki. Kwangu kidonge hakikuchelewa hata robo saa.

Alhamisi asubuhi homa ilikuwa imeshuka. Mke wangu alitoka nje akicheka.

"Baba watoto, ameomba uji!"

"Naandika," nilisema, kana kwamba nimempikia mimi.

Jioni ile ile uji ulirudi. Ijumaa asubuhi alitapika tena, akasema kiuno kinamuuma pande zote mbili, nyuma, chini ya mbavu. Nyumba nzima ikageuka baraza la wataalamu. Shemeji zangu, wale wanawe wawili waliokuwa wamelala kwangu wakimaliza mahindi yangu, walisema dawa inapigana na ugonjwa na mgonjwa ndiye uwanja wa vita. Jirani mmoja alisema dawa isiyoumiza ni maji ya kunawa tu. Mwingine alisema hiyo ni dalili kwamba ugonjwa umehama kifuani, umeshuka kiunoni, na kesho utashuka miguuni na kutoka. Walikuwa wakisema haya kwa sauti ya watu waliokwisha kuona mengi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameona chochote. Nimekaa na watu wa namna hiyo maisha yangu yote: wakiambiwa dawa inaponya huuliza inauma kiasi gani, na ikiuma sana hulipa kwa furaha.

Mimi nilishika nyundo. Niligonga plau saa nne na dakika ishirini, nikagonga tena saa nane na dakika ishirini.

Wakati huo nilikuwa na kazi ya shule: kaptula ishirini na nne, kitambaa chao, kushona kwangu, zikitakiwa Jumatano. Nilikuwa nimemaliza tisa. Mifuko yote niliikata kwa kielelezo kimoja cha karatasi, na Ijumaa ile, kama saa tisa hivi, nilikilaza kielelezo juu ya kitambaa ili nichore mfuko wa kumi na tisa. Chaki ilikuwa imechoka. Nilipokuwa nikiichonga, macho yangu yalikaa juu ya karatasi ile bila kazi, na nikaanza kusoma.

Ilikuwa karatasi ya dresa. Ile ile iliyofunga vidonge. Niliinyoosha siku ya Jumanne kwa pasi, nikaona ni ngumu na safi, nikaikata kielelezo cha mfuko. Mimi, ambaye nilijisifu kwamba hakuna karatasi yenye maandishi inayopita kwangu bila kusomwa, hii niliipita kwa sababu herufi zake zilikuwa ndogo, ni Kiingereza, na nilikuwa nahitaji mfuko. Nilikuwa nimeizungushia chaki mara kumi na nane.

Nilitoa kamusi. Nilitafuta vipande vilivyobaki kwenye kikapu cha matambara, nikaviunganisha mezani kwa pini. Neno moja lilinichukua nusu saa, na maana yake ilikuwa "tele, kwa wingi". Karatasi ilisema mgonjwa anywe maji tele, na kiasi chake kilitajwa. Kwa vipimo vya nyumbani kwangu ilikuwa kama chupa kubwa nne au tano kila siku. Ilisema mkojo wake utazamwe. Ilisema dawa hii ikikosa maji hugeuka chembe ngumu ndani ya figo na kuziba njia. Ilitaja dalili: kutapika, maumivu ya kiuno, mkojo kupungua au kuwa na damu. Na mwisho ilisema, kwa maneno matatu ambayo hayakuhitaji kamusi, kwamba yakitokea hayo dawa isimamishwe mara moja.

Nilihesabu. Alikuwa amemeza vidonge arobaini na viwili. Maji aliyokunywa, kwa daftari langu mwenyewe, yalikuwa kikombe kimoja kwa kila mlio wa plau, na vikombe vyangu vilikuwa vidogo. Kama ningekuwa mzembe kama majirani, nikasahau usiku, nikachelewa mchana, huenda figo zake zingepata nafasi ya kupumua. Mwanamke yule alikuwa akiuawa na mtu mwenye ratiba.

Nikaenda zahanati mbio, vipande vya karatasi ndani ya daftari. Foleni ilikuwepo.

"Habari za kazi, bwana dresa. Tazama hapa. Karatasi hii imesema..."

"Umeitoa wapi?"

"Umenipa wewe. Umefungia dawa."

"Hiyo ni karatasi ya madaktari, fundi. Si ya mafundi cherehani." Aliisukuma kwa ncha ya kalamu isiyo na wino. "Mgonjwa homa imeshuka?"

"Imeshuka. Lakini anatapika, na kiuno..."

"Homa imeshuka. Basi. Dawa ni kali, lazima imsumbue kidogo. Aendelee mpaka viishe."

"Imeandikwa isimamishwe."

"Kama umejua Kiingereza sana, mura, njoo ukae kiti hiki. Mimi nikashone suruali."

Mura ni kijana, kwa lugha ya kwetu. Foleni ikacheka tena. Safari hii nilisimama pale pale mpaka wakamaliza. Haikuchukua muda, kicheko cha namna hiyo hakina akiba.

"Una unga wa soda," nilisema. "Ule wa tumbo. Karatasi inasema apewe pamoja na maji. Nipe."

Alinitazama. Nadhani aliogopa, si kwa ajili ya mgonjwa, bali kwa ajili ya kile kipande cha karatasi, kwamba nitakionyesha kwa mtu mwingine mwenye koti jeupe zaidi. Alinipimia soda kidogo kwenye karatasi. Ilikuwa karatasi nyingine ile ile ya madaktari.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini sikugonga plau. Nilimwambia mke wangu vidonge vimekwisha kazi, sasa ni maji: debe zima liingizwe nyumbani, na kila akinywa aje aniambie niandike. Kisha nikamwambia amwulize mama yake habari za mkojo: mara ngapi, kiasi gani, rangi gani.

Mke wangu alinitazama kana kwamba nimemwambia amvue mama yake nguo.

"Na wewe utaandika?"

"Nitaandika."

"Katika daftari hilo?"

"Ndilo nililonalo."

Alikwenda. Alirudi upesi. "Amesema yuko salama. Anatoka kama kawaida."

"Mara ngapi?"

"Mara nne."

Nikaandika nne. Baadaye akaja akasema amekunywa kibuyu kizima, nikaandika. Kikaja cha pili, nikaandika. Usiku ulipoingia nilikuwa na tarakimu nzuri kabisa, zote zikienda upande unaotakiwa, na mgonjwa alikuwa akiguna kwa maumivu kiasi kwamba nilimsikia toka ng'ambo ya zizi.

Jumamosi asubuhi alikuja bibi wa jirani. Huyu alikuwa mwanamke mzee sana, wa ukoo wa babu yangu, na kwa hiyo kwa desturi yetu alikuwa na ruhusa ya kunitania kadiri apendavyo. Aliniita mume wangu tangu nikiwa mtoto wa kubebwa. Aliingia kwa mgonjwa bila kubisha, akakaa huko kama nusu saa, akatoka akiwa amejishika nyonga, akaja moja kwa moja barazani.

"Shikamoo, bibi."

"Shikamoo yako kaa nayo. Mume wangu, wewe umeoa saa au umeoa mke?"

"Kuna nini?"

"Unahesabu vidonge, unahesabu vibuyu. Hesabu na hii: tangu mwanamke yule aletwe, amepita mara ngapi mbele ya cherehani yako?"

Nilifungua daftari. Nilikuwa na desturi ya kuandika waliopita, kwa ajili ya wateja. Nikatafuta Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa.

"Hata mara moja," nilisema.

"Hata mara moja! Na choo kiko wapi?"

Choo kilikuwa nyuma ya nyumba yangu. Serikali iliamuru kila boma lichimbe choo, wengi wakachimba shimo la magoti kwa ajili ya kumridhisha mkaguzi. Mimi nilichimba futi kumi na tano, nikaezeka, nikasawazisha njia yake kwa mawe pande zote mbili. Mkaguzi alikisifu. Njia hiyo ilipita hatua tano mbele ya cherehani. Mlango wa boma, kwa mtu anayetaka kwenda porini, nao ulikuwa mkono wangu wa kulia. Uzio wa miiba uliziba pengine pote. Hapakuwa na mahali pa kutoka katika boma lile ila machoni pangu.

"Anatoka alfajiri," nilisema.

"Alfajiri gani? Alfajiri wewe umeshika nyundo unagonga chuma. Usiku umeshika nyundo unagonga chuma. Ng'ombe wenyewe wanakojoa kwa kukuogopa." Bibi alikaa chini kwenye ngazi. "Anywe maji, apite mbele ya mkwe wake mchana kweupe kwenda kule, mara moja, mara mbili, mara tano? Wewe ukiwa umekaa na kalamu? Sikiliza. Kile kikombe cha dawa anaonja tu, ulimi ulowe. Na vibuyu vya jana alimwaga nyuma ya kitanda. Nimekanyaga tope kwa mguu wangu. Na alichotoa usiku katika chungu kilichovunjika ni kidogo kama mate, na ni chekundu."

"Mke wangu amesema mara nne."

"Mkeo amesema alichoambiwa na mama yake. Na mama yake amesema kinachofaa kuandikwa kwenye kitabu cha mkwe. Ulitaka aseme nini?"

Nilikuwa na fundisho la kitaalamu mezani, limeunganishwa kwa pini. Nilikuwa na soda. Nilikuwa na debe la maji. Na kitu kilichoziba njia ya maji yale kilikuwa kimekaa kwenye kiti cha fundi, na saa mkononi.

Shemeji zangu walisema, nilipowaeleza, kwamba mama yao ajikaze. Hilo ndilo lilikuwa shauri lao. Mkubwa aliongeza kwamba mimi kuzungumza habari za namna hiyo kumhusu mama yao ni kosa, na kwamba wazee wa Nyambureti wakisikia watataka mbuzi. Nilimwambia wazee wa Nyambureti wakifika wakati huo watakula mbuzi wa matanga. Hakupenda. Ni mtu aliyekuwa tayari mama yake afe kwa heshima kuliko apone kwa aibu, na aibu yenyewe haikuwa yake.

Saa tatu kasoro robo asubuhi nilifunga daftari. Nilimwachia bibi karatasi, soda na maneno: maji kila mara, bila kungoja kiu, mpaka mkojo urudi kuwa mwingi na mweupe, vidonge asiguse hata kimoja. Bibi hakujua kusoma, lakini alirudia yote bila kosa, jambo ambalo dresa hakuliweza. Nilichukua baiskeli. Shemeji zangu nao niliwaambia waondoke barazani, na walipoona ninayeondoka ni mwenye chakula, waliondoka. Cherehani niliiacha. Ilikuwa ya kukanyaga, yenye miguu ya chuma, na hakuna baiskeli ingeibeba. Nikaenda Mbalibali kwa mdogo wangu, nikalala huko.

Njiani watu wawili waliniuliza ninakwenda wapi, nikawaambia ukweli. Wote wawili walicheka. Mmoja alisema, "Umefukuzwa na mama mkwe, mura? Kwenye nyumba uliyojenga mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo. Habari ilifika Mbalibali kabla yangu, imeongezwa chumvi: kwamba nilimshika mama mkwe mkono nikimpima. Watu ambao hawangeweza kubeba ujumbe wa maji chupa nne kutoka zahanati mpaka nyumbani walibeba uongo huo maili sita bila kumwaga hata tone.

Jumapili sikupata habari. Nilikaa nyuma ya nyumba ya mdogo wangu nikisoma kamusi kuanzia herufi ya kwanza, kwa sababu nilihitaji kitu kisicho na mwisho wa karibu. Kama angekufa, mke wangu angejua ni nani aliyegonga plau. Hangesema. Angeishi nami miaka arobaini bila kusema.

Jumatatu mchana shemeji mdogo alifika kwa baiskeli ya kuazima. Alikuwa ametumwa na bibi, na alikuwa na kazi ngumu, kwani alichotumwa kusema kilikuwa habari ya mwili wa mama yake, kwa mkwe wa mama yake. Alisimama akitazama gurudumu.

"Mama anatembea," alisema.

"Anatembea?"

"Jumamosi mchana alitembea. Kidogo. Bibi alimshika." Aligusa kengele ya baiskeli bila kuipiga. "Jana alitembea mara nyingi. Leo asubuhi alitembea mara nyingi zaidi. Bibi amesema nikwambie njia ya mawe ni nzuri."

"Kiuno?"

"Kimepungua." Kisha, kwa sauti ya chini kabisa, akitazama pembeni kama mtu anayeiba: "Na bibi amesema, rangi ni nyeupe."

Sikuwa na daftari. Nilikumbuka tu.

Sikurudi mpaka Alhamisi, baada ya kusikia kwamba wanawe wamekwisha mrudisha Nyambureti, safari hii akipanda na kushuka kitandani kwa miguu yake. Hatukuonana. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila tulipokutana njiani alijitanda nguo na kupita upande wa pili, kama inavyotakiwa. Mimi pia nilipita upande wangu. Katika mambo yote ya mwaka ule, hilo peke yake lilifanyika sawasawa na pande zote mbili.

Dresa aliwaambia watu kwamba vidonge vyake vimemponya mwanamke wa Nyambureti, na hakusema uongo wote, kwa sababu kichomi kilipona kweli. Hilo ndilo wapumbavu wa pande zote mbili hawakulielewa hata nilipowachorea. Dresa alidhani dawa inayoponya haiwezi kudhuru. Majirani walipojua yaliyotokea walidhani dawa iliyodhuru haikuwa dawa, wakaacha kwenda zahanati hata kwa vidonda. Kidonge kilikuwa kile kile. Tofauti ilikuwa chupa nne za maji, na mtu wa kuuliza mgonjwa swali mahali ambapo mgonjwa anaweza kujibu.

Nilirudi zahanati mara moja, kumwomba dresa karatasi zote za maboksi. Alinipa kwa moyo mkunjufu; alidhani nazitaka kwa vielelezo. Nilizisoma zote, moja kila wiki, na kwa namna hiyo nilijifunza Kiingereza kibaya na tahadhari nzuri. Tangu hapo sijapokea dawa bila kuuliza inywewe na nini, itaonyesha nini ikianza kuumiza, na nikiona hivyo nifanye nini. Na wakicheka, nangoja wamalize. Kwa sababu hiyo walinipa jina, fundi wa mikojo. Walidhani litaniuma. Walioniita hivyo walikuja mmoja mmoja jioni, na karatasi zao mfukoni, kuniuliza zimeandikwa nini.

Cherehani niliihamisha. Niliiweka pembeni mwa nyumba, mbali na njia ya choo, inatazama ukuta.

Mwalimu wa shule alikuja Jumatano ile, nikiwa bado Mbalibali, akakuta baraza haina fundi. Alichukua kaptula tisa zilizokwisha, akamlipa mke wangu kwa hizo, akachukua kitambaa cha kumi na tano zilizobaki akampelekea fundi wa dukani. Kushona kaptula moja ilikuwa shilingi moja na senti hamsini. Kumi na tano ni shilingi ishirini na mbili na senti hamsini. Uzi niliokwisha nunua kwa ajili yake, rangi ambayo hakuna mteja mwingine aliyeitaka, shilingi mbili. Hasara yote, shilingi ishirini na nne na senti hamsini.